Sabuni ya Maji Imekataa Kushika: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Sabuni ya maji ya nyumbani ikiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni muuza kemikali. Mara nyingine anastahili. Lakini malalamiko mengi ukiyafuatilia yanaishia palepale: vipimo vya kukisia, haraka, na chumvi iliyomiminwa kwa pupa. Kwa hiyo kila dalili hapa inaanza na ukaguzi wa bure. Kurudi dukani ni hatua ya mwisho.

Kwanza linganisha ulichofanya na kipimo hiki cha lita 20, kinachofaa nguo na vyombo:

- salfoniki, tindikali nzito ya kahawia inayosafisha, kilo 1 (Kenya wengi huiita Ufacid)
- slesi, kisafishaji kizito kinachotoa povu, gramu 500 (Kenya, Ungerol)
- soda ashi, yaani magadi laini, gramu 180
- CDE, kiongeza uzito na povu, gramu 200
- chumvi laini gramu 300 hadi 500
- glisirini mililita 100, ukipenda
- pafyumu mililita 30, na rangi kiasi
- maji safi hadi ifike lita 20

Slesi inalowekwa usiku kucha kwenye lita 4 za maji. Soda ashi inayeyushwa kwenye lita 10, ndani ya chombo cha plastiki cha lita 30 au zaidi, kwa sababu salfoniki ikikutana nayo hutoa gesi na povu hupanda. Salfoniki ndiyo inayomiminwa kwenye maji ya soda ashi, kidogokidogo, huku unakoroga kwa mwiko wa mti. Povu likitulia, pima pH (7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni magadi), weka slesi, kisha CDE na glisirini. Subiri ipoe. Pafyumu na rangi hufuata, na chumvi, iliyoyeyushwa kwenye lita 2 za maji, inaingia mwisho kabisa.

Wapo wanaoanza kwa kukoroga salfoniki na slesi pamoja. Inakubali, mradi soda ashi ifuate papo hapo. Ama ule msemo kwamba ukibadilisha upande wa kukoroga sabuni inakatika, hauna msingi. Koroga upande wowote, ila polepole, usije ukaingiza hewa.

Kemikali zipimwe kwa mizani. Lita moja ya salfoniki ina uzito unaozidi kilo kidogo, na "kikombe" cha soda ashi hubadilika kulingana na ilivyoshindiliwa. pH pima kwa karatasi zake: changanya kijiko kimoja cha sabuni na vijiko kumi vya maji, ndipo uchovye. Sabuni ya vyombo iwe kati ya 7 na 8. Ya nguo hata 9 ni sawa. Karatasi zikikosekana, paka maji ya binzari ya manjano kwenye kitambaa cheupe, kiache kikauke, kisha dondoshea sabuni uliyoipunguza kwa maji. Doa likigeuka jekundu, magadi yamezidi. Kwa upande wa pili, maji ya choya hubaki mekundu kwenye tindikali na huelekea kijani magadi yakizidi. Vipimo hivi vya jikoni vinakuonyesha upande tu, kiasi havikuambii.

Sabuni ni nyepesi kama maji

Hili ndilo lalamiko namba moja, na ndilo linaloharibiwa zaidi na marekebisho yenyewe.

Anza na subira. Sabuni ya moto huwa nyepesi, na iliyojaa povu haisomeki. Ifunike, iache saa 12 hadi 24, ndipo uihukumu. Wengi huongeza chumvi ndani ya nusu saa ya kwanza, na kesho yake wanakuta wamepitiliza.

Ikipoa na bado ni nyepesi, swali ni moja tu: chumvi imepungua au imezidi? Chumvi hufanya kazi kama kupanda kilima. Ukiongeza kidogo, sabuni inakuwa nzito. Ukiendelea, inafika kileleni. Ukizidisha, inashuka upande wa pili na kuwa maji tena. Kwa macho, sabuni ya upande huu na ya upande ule zinafanana kabisa. Anayeongeza chumvi kwenye sabuni iliyokwisha kupitiliza anazidi kuiteremsha.

Kipimo chake ni vikombe viwili. Chota sabuni kikombe kimoja cha chai, kama mililita 250, mara mbili. Kwenye cha kwanza tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya chumvi, yale uliyoyeyusha. Kwenye cha pili tia vijiko vitatu vya chakula vya maji matupu. Koroga taratibu, subiri dakika kumi, kisha inua kijiko uangalie uzi wa sabuni unavyodondoka. Cha kwanza kikiwa kizito, chumvi imepungua. Cha pili kikiwa kizito, ingawa umekiongezea maji, chumvi imezidi. Vyote viwili vikibaki vyepesi, chumvi haihusiki.

Iliyopungukiwa unaiongezea maji ya chumvi, nusu kikombe kwa kila awamu, na kusubiri dakika kumi kati ya awamu na awamu. Ukiona inaanza kuvutika, simama. Usiitafute iwe nzito kama uji.

Iliyozidiwa haina dawa ya kuitoa chumvi. Ukibahatika, lita moja au mbili za maji zinatosha kuirudisha. Ikishindikana, tengeneza nusu ya kipimo bila chumvi hata chembe, halafu changanya mbili hizo. Utakuwa na lita 30, na zote zitafaa.

Kama chumvi haihusiki, kagua kwa mpangilio huu:

Maji yamezidi. Kuna wanaonyoosha kilo moja ya salfoniki hadi lita 40. Hapo hakuna cha kurekebisha ila kuongeza salfoniki na slesi.

pH iko chini ya 6, yaani soda ashi haikutosha. Chanzo kimoja kisichotarajiwa ni kutumia magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage. Hayo nguvu yake ni kama thuluthi mbili ya soda ashi, tena yana mchanga na chumvi ndani.

CDE haikuwekwa.

Salfoniki ilichakachuliwa. Nzuri ni ya kahawia iliyokolea, nzito kama asali, na hushikilia ukuta wa chupa ukiigeuza. Inayomiminika kama chai ya rangi imetiwa maji. Badilisha duka.

Ilikuwa nzito, baada ya wiki imelegea

Hali ya hewa ndiyo ya kwanza kushukiwa. Dumu lililokaa juani mchana wa Dar es Salaam au Mombasa hulegea, na usiku hurudi. Lihamishie kivulini kabla ya kufanya lolote.

Ya pili ni pafyumu. Nyingine huvunja uzito, hasa zikizidi mililita 50 kwa lita 20. Kabla ya kuitia kwenye sabuni yote, ijaribu kwenye chupa ndogo na uiache usiku mmoja.

Ya tatu ndiyo mbaya: sabuni iliachwa na tindikali. Slesi haivumilii kukaa kwenye tindikali. Inavunjika polepole, na kila ikivunjika tindikali inaongezeka. Ukiona pH ya leo ni ndogo kuliko ya wiki iliyopita, ni hiyo. Yeyusha gramu 20 za soda ashi kwenye glasi ya maji, tia thuluthi moja, koroga, subiri dakika kumi, pima, endelea hadi ifike 7 au 8. Slesi iliyokwisha kuvunjika hairudi, lakini uharibifu unasimama.

Imejitenga tabaka mbili

Chini maji, juu kitu kizito kinachoteleza. Karibu kila mara ni chumvi iliyozidi mno hadi sabuni ikatupwa nje ya maji. Ongeza maji matupu lita moja moja huku unakoroga, ikiungana, umepata. Kama tabaka la juu ni jembamba na lina mafuta yenye harufu kali, hiyo ni pafyumu isiyochanganyika. Siku nyingine ikoroge kwanza na CDE ndipo uitie.

Mabonge yasiyoyeyuka

Ni slesi. Ikipata maji machache hugeuka gundi ngumu, na mwiko unaikata vipande tu. Usiyachemshe, wala usiyapige kwa mashine ya juisi, maana utavuna povu. Funika chombo, acha usiku kucha, asubuhi mengi yatakuwa yameisha yenyewe. Yaliyobaki yachuje kwa kitambaa cha nyavu na uyaloweke kwenye maji mengi ya uvuguvugu. Siku nyingine iloweke slesi mapema kwenye maji mengi.

Ina ukungu, haionyeshi

Ukungu wa asubuhi unaoondoka jua likipanda ni baridi. Iringa, Njombe, Nyeri na Limuru ni jambo la kawaida na sabuni haijapungukiwa kitu. Usioondoka unatokana na chumvi nyingi, chumvi ya mawe isiyosafishwa, au maji magumu ya kisima, yaani yenye madini ya chokaa. Sabuni inasafisha vilevile. Anayetaka iwe angavu atumie maji ya mvua yaliyochujwa na chumvi ya mezani.

Povu hafifu, au vyombo vinabaki na mafuta

Tenganisha mambo mawili. Povu ni alama, lakini kinachosafisha ni salfoniki na slesi. Uzito nao hauna uhusiano wowote na nguvu: chumvi ya shilingi chache inaweza kuifanya sabuni hafifu ionekane ya kifalme.

Jaza chupa mbili nusu, moja kwa maji ya mvua au ya kunywa, nyingine kwa maji yako ya kisima. Tia matone kumi ya sabuni kila moja, tikisa. Povu likisimama kwenye ya kwanza tu, tatizo ni maji magumu. Kwa nguo, tia kijiko kimoja cha chakula cha soda ashi kwenye beseni la lita 10, koroga, acha dakika tano ndipo uweke sabuni. Usifanye hivyo kwa vyombo vya alumini, sufuria zitakuwa nyeusi, wala kwa sufu na hariri.

Povu likiwa hafifu kwenye chupa zote mbili, rudi kwenye vipimo: maji mengi, salfoniki iliyochakachuliwa, au tindikali. Wakati mwingine ni mafuta tu. Sufuria ya nyama ya mbuzi yenye mafuta yaliyoganda haitatakata kwa maji baridi kwa sabuni yoyote ile.

ONYO: Usiongeze jiki kwenye sabuni ili "ing'arishe". Sabuni yenye tindikali, hata kidogo, ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Siki na ndimu ni vivyo hivyo. Nguo nyeupe zifue kwa sabuni, zisuuze, ndipo uziloweke kwenye jiki peke yake.

Inawasha au kuchubua mikono

Acha kuitumia hadi uipime. Juu ya 9, magadi yamezidi: yeyusha gramu 10 za asidi sitriki kwenye nusu glasi ya maji, tia kidogokidogo, ukipima kila baada ya dakika kumi. Chini ya 6, ongeza soda ashi kama ilivyoelezwa kwenye sabuni iliyolegea baada ya wiki.

pH ikiwa sawa na mikono bado inakauka, sabuni ni kali kwa wingi wake. Punguza kwa maji, au vaa glovu. Zilizobaki ni pafyumu na formalini (dawa ya kuzuia sabuni isioze), ambazo ngozi za baadhi ya watu hazizikubali kabisa.

Kama ulitumia kostiki (sodiamu haidroksaidi, magadi makali sana) badala ya soda ashi, simama hapo. Inavutia kwa kuwa haitoi gesi na povu halipandi, na kilo moja ya salfoniki inahitaji gramu 130 tu. Lakini ukizidisha soda ashi kwa gramu 30 unapata sabuni kali ya nguo. Ukizidisha kostiki kwa gramu hizohizo unapata kitu kinachounguza. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji baridi, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, na chombo kisiwe cha alumini. Bila mizani ya gramu, miwani na glovu, usiiguse. Sabuni ya kostiki ambayo pH yake imebaki juu ya 10 baada ya kurekebishwa mara tatu usiimalizie kwa vyombo. Itie lebo, ifungie mahali watoto hawafiki, umwite mtu mwenye ujuzi. Tanzania, ofisi za SIDO (shirika la kuendeleza viwanda vidogo) mikoani hufundisha utengenezaji wa sabuni, na maabara za kemia zinaweza kukupimia.

Nguo zinabaki na unga mweupe, au zinapauka

Unga mweupe kwenye nguo nyeusi: sabuni nyingi na suuza moja. Ongeza suuza kabla ya kuilaumu sabuni. Ukibaki, ni soda ashi isiyoyeyuka au maji magumu. Mfuniko mmoja wa siki kwenye ndoo ya suuza ya mwisho huuondoa. Hapo jiki isiwepo karibu.

Kupauka kunatokana na pH kubwa na kuloweka muda mrefu. Kanga na kitenge kipya kifuliwe peke yake kwa maji baridi bila kulowekwa, na kianikwe kivulini.

Inanuka, chupa inavimba, rangi imebadilika

Chupa iliyovimba ndani ya siku mbili za kwanza ni gesi ya soda ashi ambayo haikwisha kutoka. Legeza kifuniko polepole, uiache wazi, imefunikwa kwa kitambaa, siku moja. Chupa iliyovimba baada ya wiki kadhaa, hasa ikinuka mayai viza, imeingiwa na vijidudu. Pafyumu haitaificha. Mwaga, osha dumu kwa sabuni, lisuuze kabisa, kisha liloweke na jiki iliyozimuliwa kwa maji, ulisuuze tena.

Kinga yake ni maji yaliyochemshwa na kupoa, dumu kavu, na kutengeneza kiasi kitakachoisha ndani ya mwezi. Wengi huweka formalini. Kwa matumizi ya familia haina ulazima: mvuke wake unawasha macho na koo, na mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka formaldehaidi, kemikali iliyomo ndani ya formalini, kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Usiipime jikoni.

Rangi iliyopauka ni jua, hasa kama ulitumia rangi ya chakula. Iliyogeuka nyingine kabisa ni dalili ya pH kuhama, pima.

Mashine ya kufulia na ya vyombo

Sabuni hii imetengenezwa kwa mkono na beseni. Kwenye mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele, anza na mililita 30. Povu likijaa, mashine hushindwa kutoa maji au kukamua. Zima, subiri povu lishuke, kisha endesha suuza mbili bila sabuni, ya kwanza ukitia vijiko viwili vya kilainisha nguo, ambacho huvunja povu. Maji yakitoka chini ya mashine, chomoa waya na umwite fundi, usiifungue mwenyewe.

Kwenye mashine ya vyombo usiiweke kabisa, hata tone. Povu litatoka mlangoni. Ikishatokea, zima, chota povu, nyunyiza chumvi, endesha suuza ya maji baridi. Mbadala wa nyumbani ni kijiko kimoja cha chakula cha soda ashi kwa mzunguko, bila alumini ndani. Ukungu mweupe kwenye glasi unaonyesha maji magumu. Endesha mashine tupu na vijiko viwili vya asidi sitriki. Asidi hiyo usiichanganye na soda ashi kwenye kopo moja: kwa unyevu wa pwani vinaanza kumalizana vyenyewe, kopo linavimba na unga unakuwa jiwe.

Ikifika hapa, acha kurekebisha

Salfoniki au kostiki ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 au zaidi, kope zikiwa wazi, ndipo uende hospitali. Ngozi vivyo hivyo, na nguo iliyoloa ivuliwe. Usijaribu kuituliza tindikali kwa magadi wala kostiki kwa ndimu; joto lake linaongeza jeraha.

Ukisikia harufu ya jiki inayokaba koo, usiokoe sabuni. Toka nje, toa watoto, fungua milango, na anayekohoa mfululizo apelekwe kituo cha afya.

Mtoto akimeza, usimtapishe. Msuuze mdomo, mpeleke hospitali mara moja, na ubebe chupa yenyewe pamoja na karatasi uliyoandikia vipimo. Ajali za namna hii mara nyingi huanza na sabuni au kostiki iliyowekwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa hiyo chupa hizo zisitumike hata kwa siku moja.